Karatasi Mbili, Unyayo Mmoja

Karakana ya viatu,
4 Machi

Mjomba Mita,

Shikamoo mara mbili, moja ya mwezi huu na moja ya mwezi uliopita, ambao nilikaa kimya. Mimi mzima wa afya, ukiacha kidole gumba, ambacho nyundo inakipenda kuliko inavyoupenda msumari. Mwambie Binti binamu yake anamsalimu, na kile kitabu cha hesabu alichoniazima nitakirudisha nikishaelewa ukurasa wa kwanza. Yaani asingoje.

Ukiniona sasa hivi hutanijua. Hapa karakana naitwa Fundi. Sawa, anayeniita hivyo ni yule mama anayetuletea chai, na kila mwanamume humwita hivyo, lakini sikio langu halibagui. Mzee Gundi mwenyewe, bosi wetu, juzi alishika kiatu nilichokiwamba, akakigeuza, akakinusa, akasema, "Hm." Mjomba, kuna watu wana miaka mitatu hapa hawajawahi kupata "Hm." Na wewe nilipoacha shule darasa la saba ulisema nitaishia kuhesabu nzi. Haya.

Sasa jambo lenyewe. Jumatatu ya tarehe 10 Juni Mzee Gundi anatupa mtihani. Kila mwanafunzi anatengeneza jozi moja, mwanzo mpaka mwisho, kwa ajili ya miguu ya mtu wa kweli aliyemchagua mwenyewe, na siku hiyo anaimalizia mbele ya mzee. Ukifaulu unapewa meza yako. Ukifeli unarudi kufagia vipande vya ngozi. Nimekuchagua wewe. Usilie. Nimekuchagua kwa sababu una miguu mibaya, na fundi hodari haogopi miguu mibaya.

Fanya hivi. Chukua karatasi mbili, moja kwa kila mguu. Simama wima bila viatu wala soksi, uzito wote chini. Binti ashike penseli wima, aizungushe kandokando ya mguu wako pole pole, kisha aandike KULIA na KUSHOTO. Usijichore mwenyewe, maana ukiinama unyayo unalalia upande na mimi nitamshonea kiatu bata.

Na vile vyeusi nilivyokutumia Desemba vinaendeleaje? Hujasema neno. Vile ni mkono wangu kuanzia ngozi mpaka kamba, na Mzee Gundi alivipitisha bila hata kukunja uso. Natumaini unavivaa kazini, watu uliowakatia maji wakuone ukipita waseme, msoma mita huyu kavaa kama meneja.

Mpwa wako asiye na mpinzani,
Kidomo


Nyumbani,
29 Machi

Kidomo,

Marahaba zote mbili. Barua yako kondakta wa basi aliileta siku nyingi, nimechelewa kwa sababu ya kazi. Binti amekuwa wa nne darasani na analalamika kwamba watatu waliomtangulia walikaa karibu na dirisha. Paa la jikoni linavuja palepale lilipovuja ulipokuwa unalala chini yake.

Kazini wamenihamishia mitaa ya chini, kule tambarare ambako nyumba zimebanana. Niliomba mwenyewe. Mitaa ya mlimani nimewaachia vijana, mbwa wa kule wananijua mno. Kwa kinyozi siendi sana siku hizi. Drafti yenyewe imekuwa kelele tupu. Jioni nakaa mlangoni naangalia watu.

Rafiki yangu fundi bomba alifariki mwezi wa pili, nadhani ulisikia. Walimzika kule juu mlimani. Sikuhudhuria, nilikuwa na shughuli.

Viatu vyako ni vizuri. Navivaa kila siku na havijaniuma hata mara moja.

Karatasi ndizo hizi, mbili kama ulivyotaka. Shika kazi yako. Usipige simu ofisini kunishukuru, meneja mpya hapendi simu za ndugu.

Mjomba wako


Karakana,
9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie Binti wa nne ni namba nzuri, mimi nilikuwa wa nne kutoka mwisho na nimefika mbali. Pole sana kwa fundi bomba. Ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili, na kwa hilo walimu wote walimchukia.

Sasa nisikilize vizuri. Nilizipeleka karatasi zako mezani kwa mbwembwe, nikazipanga kulia na kushoto, nikachukua rula. Urefu sawa. Upana sawa. Nikawaambia wenzangu, oneni, mjomba wangu kaumbwa kiwandani. Wakacheka, kisha mmoja akaacha kucheka, na mimi nikaacha.

Hakuna binadamu mwenye miguu sawa, Mjomba. Hapa unafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kushika nyundo. Mguu mmoja siku zote unauzidi mwenzake. Nikaigeuza karatasi moja, nikailaza juu ya nyingine, nikaziinua dirishani kwenye jua. Mstari mmoja! Hata kile kidole chako kidogo cha kulia, ulichokiponda na mfuniko wa mita, kimepinda kwenye karatasi zote mbili. Umechora wa kulia, ukaufuatisha kwenye karatasi ya pili, ukaigeuza, ukaandika KUSHOTO. Na mwandiko ni wako, si wa Binti. Mimi niliacha shule, Mjomba, macho sikuyaacha kule.

Mguu wa kushoto uko wapi?

Nimeisoma tena barua yako, mara hii kama mtu mwenye akili. Umeomba mitaa tambarare, wewe uliyekuwa unapanda ule mlima unaimba, mimi nikikufuata nyuma nimebeba daftari lako, ulimi nje. Kwa kinyozi ni nyumba kumi na mbili kutoka kwako. Umecheza drafti pale siku paa lake limeezuliwa na upepo, leo unakimbia kelele? Na rafiki yako wa miaka thelathini amezikwa, wewe una shughuli. Mimi ni mwongo wa kujisifu, kila mtu anajua, lakini nadanganya vizuri kuliko hivyo.

Sitaki ugomvi. Vitume vile viatu vyeusi nivibadilishe soli. Vyote viwili. Kondakta atavileta bure, anapenda utani wangu.

Kidomo


Nyumbani,
2 Mei

Kidomo,

Marahaba. Binti mzima. Paa limezibwa.

Mimi si mfungwa wako. Nilichora mguu mmoja kwa sababu Binti alikuwa shuleni na mgongo wangu haupendi kuinama mara mbili. Mguu ni mguu. Umekaa hapo mwaka mmoja na miezi miwili umekuwa daktari? Mama yako alipofariki nilikuchukua ukiwa hujui kujifuta makamasi. Leo unaupima uongo wangu kwa rula.

Viatu nakutumia ili unyamaze. Nimevipaka rangi mwenyewe, viko kama vipya, na utaona havina tatizo lolote. Weka soli, rudisha, maneno haya yaishe.

Na ukithubutu kupiga simu ofisini, usiniite mjomba tena.

Nilikuwa nimeandika mengine. Nimeyachana.


Karakana,
14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nisalimie Binti. Habari nyingine za nyumbani nitauliza nikipata pumzi.

Viatu vilifika Ijumaa. Vinang'aa kweli, ningeweza kujinyolea ndani yake. Lakini hapa kiatu hakisomwi kwa juu. Mzee Gundi alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Vya nani hivyo?"

"Vya mjomba wangu."

"Lete."

Akaanza na soli. Cha kulia, kisigino kimelika upande wa nje, kimebaki kipande. Cha kushoto, kisigino kizima kabisa, ila pua, ile ncha ya mbele, imekwaruzika. "Huyu anauburuta," akasema. "Anatua kwa wa kulia, wa kushoto anaukokota." Akaikunja ngozi juu ya vidole vya kushoto, mkato wa kisu ukafunguka chini ya rangi yako. Umeushona kwa uzi mweusi. Umeshona vizuri, Mjomba, ningekuajiri. Kisha akaingiza mkono ndani, akautoa haraka. Kidole kinatoka damu.

Akaing'oa soli ya ndani kwa koleo. Pale kinapokaa kidole kikubwa, ncha ya msumari imetokeza kama punje ya mchele. Bitana ya hapo imekuwa nyeusi na ngumu, na ina harufu ambayo siiandiki.

Karakana nzima ikasogea kutazama. Hata mama wa chai.

"Nani alivikagua hivi?"

Mjomba, hakuna aliyevikagua. Nilikuandikia kwamba Mzee Gundi alivipitisha, na hakuwahi kuviona. Nilivitengeneza saa za chakula, kwa vipande nilivyovifagia sakafuni. Siku ya mwisho kondakta anapiga honi barabarani, nikagonga msumari wa mwisho, nikavifunga kwenye gazeti, nikakimbia. Hapa kila mwanafunzi anajua kwamba kiatu hakitoki mpaka mkono umeingia ukafika puani. Nilijua. Niliwahi honi.

Nikasimama nikingoja kofi. Hakunipiga. Aliuliza tu, "Amevivaa muda gani?"

"Miezi minne. Mitano."

"Kila siku?"

"Anasema kila siku, na havijamuuma hata mara moja."

Akakiweka kiatu mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka. "Mtu mwenye mguu mzima akichomwa na huu, anakivua kabla hajafika mlangoni. Huyu katembea nao miezi. Kijana, mguu huu hausikii. Mwambie aende hospitali leo."

Mjomba, nimeandika "leo" na wewe utaisoma baada ya siku kumi. Niambie mguu ukoje. Usinipe habari za mbwa. Mwezi huu ukiisha sijapata barua, napiga simu ofisini, na kama ni kuacha kukuita mjomba, nitaacha, lakini nitapiga.

Kidomo


Nyumbani,
26 Mei

Kidomo,

Marahaba, mwanangu. Miwani yangu ilivunjika, kwa hiyo barua yako nilisomewa na Binti, na alipofika kwenye bitana akasimama. Sasa naye anajua. Alilia. Alipomaliza kulia alichukua sigara zangu zote, akazitumbukiza kwenye ndoo ya maji mbele ya macho yangu, akaniambia, "Haya, zivute."

Nitakwambia mara moja, kisha usiniulize tena.

Ulianza miaka miwili iliyopita, mlimani. Kigimbi cha kushoto kilikaza kama nguo inayokamuliwa. Nikasimama dakika mbili, kikaachia. Nikaendelea, hatua zilezile, kikakaza tena. Nikasema uzee. Nikajifunza kusimama penye mita. Nafungua mfuniko, nainama, najifanya nasoma, hata kama nyumba hiyo nimeshaisoma. Mama mmoja aliandika barua ofisini kunisifu kwa umakini. Mwanzoni nilikuwa napita nyumba thelathini ndipo nisimame. Zikawa kumi na tano. Sasa ni tatu. Na njia ya kwenda kwa kinyozi mita zote ziko ng'ambo ya barabara, upande wetu hakuna pa kujifanya. Ndiyo maana siendi.

Mguu wenyewe ni wa baridi. Hata juani ni wa baridi. Vinyweleo vya muundi vimeisha, kucha hazikui. Mwezi wa pili niliona damu kwenye soksi, na sikuwa nimesikia kitu. Nikautafuta msumari wako, nikaugonga kwa jiwe ukarudi, na siku ya pili ukatokeza tena. Kidole kilipovimba nikaikata ngozi kwa kisu kukipa nafasi, nikaendelea kuvivaa. Ningekwambia, ungeitupa nyundo siku hiyohiyo. Nakujua wewe. Unajisifu sana kwa sababu unaogopa sana. Kidonda kilikuwa kama tundu la sindano. Sasa kidole kikubwa ni cheusi na cha pili kinaanza.

Wiki iliyopita nilikwenda hospitali, Binti akinisukuma mgongoni. Wakanipima presha mkononi, kisha wakafunga mkanda uleule kwenye kifundo cha mguu. Mkononi ipo, mguuni karibu hamna kitu. Daktari, mwanamke mdogo anayeongea kama anawahi gari, akasema mishipa inayopeleka damu mguuni imeziba. Sigara, na sukari ambayo sikujua ninayo. Alitaka kunichorea picha, nikamwambia asijisumbue. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikiwaeleza watu kwa nini nyumba ya mwisho kwenye bomba haipati maji.

Kisha nesi akatoa fomu yenye maswali. Unaweza kutembea umbali gani? Kuna mambo umeacha kuyafanya? Unaogopa? Nikajibu natembea vizuri, sijaacha kitu, siogopi. Akaandika yote, maskini.

Wanataka nirudi Jumatatu tarehe 10. Watapitisha waya ndani ya mshipa, waupanue kwa puto dogo. Ikishindikana, watakata mguu. Siendi. Jirani wa nyumba ya kona aliingia na kidole akatoka hana goti. Sijawahi kuona msoma mita wa mguu mmoja. Afadhali nibaki nao hivihivi mpaka Binti amalize shule.

Fanya mtihani wako. Usije.

Mjomba wako


Karakana,
3 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo. Basi liliharibika njiani, kondakta akalala nayo mfukoni siku zote hizo, na kidole cha pili hakikungoja basi litengenezwe.

Jirani wa kona aliingia na kidole? Nani kakwambia? Mimi ndiye niliyemsukuma kwenye mkokoteni, umesahau? Alikaa na kidole hicho kuanzia kiangazi mpaka mvua zikaisha, harufu inakupokea getini, na ukimwambia hospitali anasema afadhali nibaki nao hivihivi. Maneno yako hayohayo, Mjomba, mmeazimana. Goti lake alilipoteza kitandani kwake, akingoja.

Unasema mpaka Binti amalize shule. Ana miaka mitatu mbele. Wewe una vidole vingapi?

Nimemwambia Mzee Gundi tarehe 10 sitakuwepo. Akasema asiyefika amefeli, na nafasi nyingine ni mwaka kesho. Nikasema sawa. Ningependa kukwambia nilisema kwa kifua mbele, lakini sauti ilitoka kama ya panya.

Jumatatu, jua likichomoza, nitakuwa kwenye benchi la nje ya geti la hospitali. Sitakuja nyumbani kukuvuta. Wewe mzito, na mimi sina uso wa kukuangalia ukiwa kwenye mlango wako mwenyewe. Nitakaa tu. Usipokuja nitakaa mpaka wafunge, na Jumanne nitakaa tena. Wakiniuliza, kijana, unamngoja nani, nitawaambia namngoja mtu niliyempigilia msumari mguuni.

Ofisini kwenu sijapiga. Hiyo ni simu yako.

Kidomo


Hospitali,
10 Juni, asubuhi

Kidomo,

Nakuandikia nyuma ya fomu yao, nesi kaniazima kalamu. Nimekupita getini umelala kwenye benchi, mdomo wazi, vile viatu vyeusi umevikumbatia. Binti alitaka kukuamsha, nikamkataza. Ungeamka ungesema kitu cha kunichekesha, na mimi ningecheka, nikapata nguvu, nikarudi nyumbani.

Kutoka kituo cha basi mpaka hapa nimesimama mara tisa. Hakukuwa na mita hata moja. Nimesimama tu barabarani kama mgonjwa, watu wananipita, mmoja akaniuliza, mzee, unaumwa? Nikamjibu ndiyo. Sijui nilikuwa naogopa nini siku zote hizi, neno lenyewe ni fupi.

Ofisini niliwaambia Ijumaa. Meneja akauliza kwa nini sikusema. Sijui kama bado nina kazi. Hakusema ndiyo wala hapana.

Yule nesi amerudi na maswali yake. Nikamwambia chana yale ya kwanza. Natembea nyumba tatu. Nimeacha mlima, nimeacha kwa kinyozi, nimeacha kwenda sokoni, na Binti ndiye anabeba kila kitu. Nimeacha kuoga nimesimama. Nikialikwa mahali, naanza kuuliza kama kuna ngazi, na kama zipo nasema nina kazi. Rafiki yangu alibebwa kupandishwa kule juu na watu wasiomjua vizuri, mimi nimekaa chini mlangoni nimevaa suti, nasikiliza wakiimba mpaka sauti zikapotelea. Nilikuwa nimevaa, Kidomo. Nilikuwa nimeshavaa. Nesi aliandika kidogo, akaweka kalamu chini.

Habari ya msumari tuimalize hapa. Mguu ulikufa ganzi kabla wewe hujajua nyundo inashikwa upande gani. Lakini kidonda kilianzia pale, na sitakwambia hakikuanzia pale, maana tumeshadanganyana vya kutosha. Ingiza mkono mpaka puani. Kila kiatu. Mpaka uzeeke.

Wananiita. Naogopa sana. Kwa mdomo nisingeweza kukwambia.


Karakana,
24 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo kwa vile vidole vitatu vya kushoto vilivyobaki, viambie vimekuwa wakubwa wa familia. Binti ameniandikia kwamba wodini unasukumwa kwenye kiti cha magurudumu unawaambia wagonjwa wenzio kwamba unakagua mabomba, na kwamba kuna mmoja amekulalamikia maji hayatoki chooni. Tena akasema umeahidi kulifuatilia. Usiwatapeli watu wagonjwa.

Anasema pia juzi alikukuta umeshika sigara uliyoiomba kwa mtu wa kitanda cha pembeni, hujaiwasha, unainusa tu. Mjomba, hata kunusa acha. Daktari alinishika bega pale koridoni, akanieleza taratibu mpaka nikaelewa, na kunifanya mimi nielewe si kazi ndogo. Alisema mshipa umefunguliwa lakini ugonjwa haukutoka, uko pale pale, na mguu wa kulia nao unautazama. Vidonge kila siku, sukari ipimwe, moshi mwiko. Kidonda kikikauka uanze kutembea. Utembee mpaka kigimbi kikaze, usimame, kikiachia uendelee, kila siku nusu saa, hata kama unauma. Huko kuuma ndiko dawa. Kwa hiyo ile kazi yako ya kusimama kila nyumba ya tatu imeandikwa rasmi na daktari, ila safari hii usiiname kujifanya unasoma kitu.

Meneja wako kutaka ukakae dirishani upokee malalamiko ya wateja, najua unaona ni kifungo. Pokea kwanza, ununie ukiwa umekaa.

Mimi nimerudishwa kwenye fagio. Mwaka mzima. Mzee Gundi hakusema pole wala karibu, alinyoosha kidole tu kwenye kona ilipo. Ila ameweka sheria kwamba hakuna jozi inayofungwa kabla mkono wangu haujaingia ndani, hata za mafundi wakubwa, na wao wanachukia. Jana nimepata msumari mmoja kwenye kiatu cha fundi mwenye miaka kumi na tisa hapa. Sikumcheka. Nilitaka sana.

Uliniuliza ulipozinduka ilikuwaje huko nje ulipokuwa ndani, nikakwambia nililala. Ukiacha ule usingizi wa benchini, sikulala.

Nilipoamshwa na Binti ulikuwa umeshaingia. Nikasoma karatasi yako koridoni nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni, maana benchi lilikuwa mbali. Saa tatu zikapita. Binti alihesabu vigae vya ukuta, akafika mia nne, akarudia. Walipita na kitanda mara mbili, mara zote mbili nikatazama chini kwanza, miguu mingapi, ndipo nikatazama uso. Si wewe. Kisha daktari akatoka, barakoa shingoni, akauliza, "Ndugu wa msoma mita?"

Mdomo haukufunguka. Mimi, Mjomba. Binti ndiye aliyenisukuma mbele.

"Mshipa umefunguka," akasema. "Vidole viwili havikuwa na namna. Mguu tumeuacha."

Sikuelewa hilo neno. Nikamuuliza mmeuacha wapi. Akatabasamu kwa uchovu, akasema, "Umebaki kwake, kijana. Ni wake."

Wakaniruhusu dakika moja. Ulikuwa umelala mdomo wazi, na mtu asiniambie tena mimi nimerithi kwa baba. Chini bandeji, juu shuka, katikati kipande cha ngozi, pale kisiginoni. Nilitazama mlango, nesi hayupo. Nikaweka kiganja changu. Nilijitayarisha kwa baridi ile uliyoniandikia, hata meno niliyauma.

Ulikuwa wa moto, Mjomba. Wa moto kama mguu wa mtoto aliyetoka kucheza.

Nesi akarudi, akaniambia muda umekwisha. Nikamwambia, dada, niache kidogo, bado napima.

Mpwa wako,
Kidomo